Siti binti Saad: Mwuza Vyungu Aliyekataa Kujipunguzia Bei

Kamati iliyoandaa kijitabu hiki cha miaka kumi ilituomba tuandike maisha ya mtu mmoja maarufu, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki zamani, ambaye maisha yake yanaweza kuwa somo kwa mama anayekuja na hisa zake kila wiki, mvua inyeshe au jua liwake. Tumemchagua Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja.

Wako watakaouliza, Siti ni wa Unguja na sisi ni watu wa Tanga, kwa nini tusimtafute wa kwetu? Jibu ni kwamba Siti si mgeni kwetu. Mama yake alikuwa Mzigua, na Wazigua ndio hao hao ndugu zetu wa Handeni, Korogwe na Pangani, ingawa yeye mama alizaliwa ng'ambo ya bahari. Tena aliyemwandikia Siti kitabu cha maisha yake ni Shaaban Robert, mwana wa Tanga hasa, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki hapa hapa Tanga mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Kitabu hicho, Wasifu wa Siti binti Saad, wengi wetu tulikiona mashuleni. Kwa hiyo tunapomzungumza Siti tunazungumza jambo la nyumbani.

Ipo na sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa. Kila mwenye kufuatilia vikundi vya kina mama anajua kwamba biashara nyingi hazifi kwa sababu soko ni baya. Zinakufa kwa mkono wa mwenyewe. Mtu anachukua mkopo wa kuongeza mtaji, siku ya tatu ameununulia sare za harusi. Mwingine biashara imeanza kuchangamka, anaiacha kwa kuogopa kusemwa kwamba anaringa. Mwingine anapika vizuri kuliko mtaa mzima, lakini anaona haya kunadi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika mambo ya fedha mara nyingi anayetula ni sisi wenyewe. Maisha ya Siti yanatuonyesha mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kujiangusha, lakini hakujiangusha.

MTOTO ALIYEITWA MTUMWA

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani upande wa kusini wa mji wa Unguja, mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezini. Wazazi wote wawili walikuwa watu maskini, wakulima na wafinyanzi. Wakati huo utumwa ulikuwa bado upo Unguja kwa sheria na kwa desturi. Amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, Siti akiwa tayari msichana mkubwa. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Tulitazame jina hilo kidogo. Mtoto anapoitwa Mtumwa, kila anayemwita anamkumbusha mahali alipowekwa na dunia. Hilo la Siti alilipata baadaye, akiwa mtu mzima mjini, nalo ni neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, maana yake bibi, mwanamke wa hadhi. Akalibeba hilo mpaka kufa kwake, na ndilo tunalolijua leo. Wangapi wanajua kwamba aliwahi kuitwa Mtumwa?

Shule hakwenda. Siku hizo mtoto wa kike wa shamba hakuwa na shule ya kwenda. Hakujua kusoma wala kuandika. Uzuri wa sura ule unaosifiwa na watu hakuwa nao pia, na jambo hilo, kama tutakavyoona, watu hawakuacha kumkumbusha. Kwa kifupi, mtu angekaa na kuandika orodha ya vitu vinavyotakiwa ili mwanamke afanikiwe Unguja ya wakati ule, Siti asingekuwa nacho hata kimoja, isipokuwa viwili: mikono inayojua kazi ya udongo, na sauti.

VYUNGU NA SAUTI

Kazi ya vyungu wengi wetu tunaijua au tumewaona bibi zetu wakiifanya. Udongo unachimbwa, unaondolewa mawe, unakandwa, unafinyangwa, unaachwa ukauke kivulini, ndipo unachomwa. Baadhi hupasuka motoni kabla havijaona soko. Vinavyobaki ni vizito, vinabebwa kichwani, na ukijikwaa mara moja faida ya siku nzima imekwisha. Na bei yake ni ndogo, maana kila nyumba ina chungu na hakuna anayenunua chungu kila siku.

Siti alifinyanga na kuuza. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka shamba, mzigo kichwani, akipita vijiji mpaka mjini. Na katika kutembea huko aliimba. Sauti yake ilikuwa kubwa na tamu, ikisikika kutoka mbali, kiasi kwamba watu walijua mwuza vyungu anakuja kabla hawajamwona. Mwenye kutaka chungu alikuwa keshatoka mlangoni anamngoja.

Hapa pana somo la biashara ambalo halihitaji semina. Mwuza vyungu asiyejulikana kwamba anapita, atapita na vyungu vyake na kurudi navyo. Siti hakuona haya kunadi. Hakusema moyoni kwamba vyungu ni bidhaa ya kimaskini, heri nipite kimya kimya. Kile alichokuwa nacho cha ziada, yaani sauti, alikitumia kuuzia kile kilichokuwa cha kawaida. Linganisha na baadhi yetu ambao tunatandika kitambaa juu ya sinia la maandazi, tunainamisha kichwa pale Ngamiani kana kwamba tumeiba, kisha jioni tunalalamika kwamba hapakuwa na wateja. Wateja walikuwapo jamani. Hawakujua kama tunauza.

KUHAMIA MJINI

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na moja, umri ambao kwa wakati ule mwanamke alihesabiwa kuwa ameshafika alipofika. Shamba alikuwa na kazi anayoijua na njia anazozijua. Mjini hakuwa na jina.

Huu ndio mtego ambao wengi hunaswa nao bila kujua kuwa ni mtego. Kazi ndogo tuliyoizoea inatulisha kidogo, lakini inatulisha. Basi tunaogopa kuiacha hata pale ambapo iko nyingine iliyo mbele yetu, tena tunayoiweza zaidi. Tunajiambia ni subira, ni kukinai. Subira ni jambo jema na dini inatufundisha. Lakini subira ya mtu aliyejaribu ni tofauti na subira ya mtu aliyekaa.

Mjini Siti hakukimbilia kutafuta fedha za sauti yake mara moja. Alijifunza kwanza. Alikutana na watu waliokuwa na elimu ya muziki, mmoja wao Ali Muhammed, na mwingine Muhsin Ali, aliyekuwa wa chama cha Nadi Ikhwani Safaa. Chama hicho kilianzishwa Unguja mwaka 1905 na ndicho chama kikongwe cha taarabu. Kwa watu hawa Siti alifundishwa kuimba pamoja na ala. Mtu aliyezoea kuimba njiani peke yake anaimba atakavyo. Anayeimba na ala lazima ajue kuingia na kutoka, kushika mwendo, kuwasikiliza wenzake. Siti, mwenye sauti iliyokwisha kusifiwa, alikubali kukaa chini afundishwe kama mwanafunzi.

Kukubali kufundishwa ukiwa mtu mzima si jambo jepesi. Sisi wenyewe tunafahamu ugumu wa kumshawishi mama aliyefanya biashara miaka ishirini aje akae darasani kujifunza kuandika daftari la mapato na matumizi. Atakwambia, mimi hesabu zangu ziko kichwani. Huenda ni kweli, lakini kichwa hakikumbuki deni la mdogo wake wa mwezi uliopita kama daftari linavyolikumbuka. Siti hakuwa na njia ya kuandika, kwa hiyo kila alichofundishwa alikihifadhi kwa moyo, nyimbo moja baada ya nyingine. Kutojua kusoma hakukuwa kisingizio kwake.

WENZAKE

Siti hakupanda peke yake. Aliungana na wanaume mafundi wa muziki, na majina yao yanastahili kutajwa kila linapotajwa la kwake: Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar, Mbaruk na Buda bin Mwendo. Hawa walikuwa wapiga ala na waimbaji. Makao yao yalikuwa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kawaida, wachuuzi, wachukuzi, wafanyakazi wa majumbani, na wengi waliokuwa wametoka katika utumwa au wazazi wao walikuwa watumwa. Jioni walipokutana kufanya mazoezi, majirani walikuja kusikiliza.

Tunataka mwanachama asome aya hii mara mbili. Mwenye kipaji mara nyingi hushawishika kufanya kila kitu peke yake ili asigawane. Ni hesabu ya kijinga. Sauti peke yake ingebaki sauti ya mwuza vyungu. Ala peke yake zingebaki ala za Ng'ambo. Vilipokutana ndipo likatokea jambo ambalo pwani yetu ilikuwa haijalisikia. Ndivyo na sanduku letu la kufuli tatu lilivyo. Hakuna hisa ya mtu mmoja humu ndani ambayo peke yake ingeweza kujenga choo, sembuse chumba cha kupangisha. Na sanduku lenyewe halifunguki mpaka wenye funguo wote watatu wawe wamefika.

LUGHA YA MTEJA

Kabla ya Siti, taarabu iliyosifiwa Unguja ilikuwa ya ikulu. Masimulizi yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza muziki ili aje kupiga nyumbani kwa Sultani. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji wanaume, wasikilizaji wakubwa wa nchi. Mtu wa Ng'ambo alisikia kwa mbali, na alichosikia hakukielewa.

Siti aliweza kuimba Kiarabu, na aliimba mbele ya wakubwa waliotaka hivyo, hata mbele ya Masultani. Lakini yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuiimba taarabu kwa Kiswahili, na ndiye mwanamke wa kwanza kujulikana kote kwa kazi hiyo. Nyimbo zake zilizungumza mambo ya mitaani: mapenzi, dhuluma, wakubwa wanaoonea wanyonge, wanaume wanaopiga wanawake. Wimbo wake mmoja uitwao Kijiti ulitokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa, na jinsi haki ilivyopotoka baada ya hapo. Wanawake wa Ng'ambo walijisikia wenyewe ndani ya nyimbo hizo.

Kwa upande wa biashara, maana yake ni hii: Siti hakuona haya na lugha yake. Ingekuwa rahisi kufikiri kwamba Kiarabu ndicho chenye heshima, kwa hiyo mtoto wa Fumba akitaka kuheshimiwa na aige ikulu mpaka mwisho. Yeye alijua wanunuzi wengi wako wapi na wanasema lugha gani. Leo mtego huo umevaa nguo nyingine. Mama wa Tongoni anajua kukausha samaki vizuri ajabu, lakini anaacha hiyo kazi akafungue duka la vipodozi kwa sababu shoga yake anauza vipodozi na anaonekana wa kisasa. Mwaka haujaisha, vipodozi vimepitwa na wakati, mtaji hauonekani, na samaki wanakaushwa na mwingine. Hatusemi vipodozi ni vibaya. Tunasema mtu asidharau anachokijua.

SAFARI YA BOMBAY

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, mji wa India unaoitwa sasa Mumbai, kurekodi nyimbo kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Anahesabiwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia katika sahani za santuri. Mtoto aliyeitwa Mtumwa alivuka bahari ya Hindi kwa ajili ya sauti yake.

Sahani zile zilinunuliwa sana. Zilienea Unguja, pwani yote na bara, zikauzwa kwa makumi ya maelfu, hata kampuni zikaona kwamba Waswahili nao ni wanunuzi. Siti na kundi lake walirekodi tena katika miaka iliyofuata, na jumla ya nyimbo zao ikapita mia moja. Mahali ambapo Siti hakuwahi kukanyaga, sauti yake ilifika ikauzwa. Mwuza vyungu alikuwa akitembea na mzigo kichwani ili mteja amsikie; sasa mteja wa mbali alimsikia yeye amekaa kwake.

MANENO YA WATU

Ilipofika hapo, kama ilivyo ada, maneno yakaanza. Mahasidi wa Siti walimtungia nyimbo za kumdhihaki. Walimsema kwamba ni mtu wa kuja, ametoka shamba juzi na nguo za kimaskini, hana sura, leo anajiona mtu miongoni mwa watu. Pwani yetu tunajua kusema, na tunajua kusema kwa nyimbo, ambako maneno yanauma zaidi kwa sababu yanaimbika na kila mtu atayarudia.

Hebu tufikiri mwanamke wa kawaida angefanya nini. Angeweza kunyamaza na kurudi Fumba, watu wakasema unaona, tulisema. Hiyo ni njia ya kwanza ya kujiangusha. Angeweza pia kwenda kukopa, avae dhahabu mikono yote miwili na doti mpya kila shughuli, ili awaonyeshe. Hiyo ni njia ya pili, na kwetu Tanga ndiyo inayomaliza watu wengi zaidi, maana anayeifuata huonekana anapanda kumbe anashuka. Siti hakufuata hata moja. Alijibu kwa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya. Alitunga jibu akaliimba, maana yake kwamba sura na umbo si kitu mbele ya akili na utu, na kwamba kasoro ya mtu ni kukosa hayo. Ubishi ule ukawa wimbo mwingine wa kupendwa. Waliomtukana walimpa kazi.

Leo jina linalokumbukwa ni la Siti. Ile dhihaka yenyewe tunaijua kwa sababu tu ilimhusu yeye.

Tunalikazia hili kwa sababu hofu ya maneno ni ugonjwa wa kweli kwetu. Tunao kina mama waaminifu, wachapa kazi, ambao biashara ikianza kuonyesha dalili njema wanaipunguza wenyewe. Wanaogopa kijicho, wanaogopa kurogwa, wanaogopa ndugu watakaokuja kuomba. Mmoja anafunga genge wiki mbili bila sababu. Mwingine anagawa bidhaa ovyo ili asiitwe bahili. Hakuna mwizi aliyekuja, hakuna kodi iliyopanda. Mtu amejishusha ili awe sawa na wenzake, ili alale kwa amani. Amani hiyo ni ya muda, maana njaa ikibisha hodi wale waliokuwa wakisema hawaji kumlisha.

TUSIMWONEE MASKINI

Hata hivyo tuwe waadilifu. Hatutaki msomaji atoke hapa akisema kwamba kila aliyeshindwa amejitakia. Siti hakujitakia kuzaliwa katika zama za utumwa, wala hakujinyima shule mwenyewe. Alitawaliwa na wengine, maana Uingereza iliifanya Unguja nchi chini ya himaya yake mwaka 1890, na mambo makubwa ya nchi hayakuamuliwa na watu wa Ng'ambo. Wanawake wengi wenye vipaji wa wakati wake walikufa bila kusikika, na hawakuwa wavivu. Vivyo hivyo kwetu, mama aliyefiwa, aliyeuguliwa, aliyeharibikiwa na mvua au bei, huyo hajajihujumu. Huyo ndiye mfuko wa jamii umewekwa kwa ajili yake.

Tunachosema ni kwamba dunia inatosha kutuwekea vikwazo. Hatuna haja ya kuisaidia. Penye jambo ambalo limo mikononi mwetu, tusilivunje sisi.

TUNAYOYACHUKUA KWAKE

Tukiyaleta maisha haya kwenye daftari letu, tunapata mambo manne.

Kwanza, jina. Siti hakuishia kwenye jina alilopewa na umaskini. Mwanachama ajiandikishe kwa jina lake kamili, si mke wa fulani wala mama fulani. Hisa ni zake, sahihi ni yake, au dole gumba ni lake.

Pili, bei. Tuseme mama anapika vitumbua 140 na kuuza kila kimoja shilingi 200. Mchele, nazi, sukari, mafuta na kuni vimekula shilingi 20,000. Akiuza vyote anapata 28,000, faida yake ni 8,000. Sasa agawe ishirini tu kwa ajili ya ushoga na haya. Hiyo ni shilingi 4,000, nusu ya faida ya siku imekwenda na hakuna aliyemwibia. Na akitumia nyumbani shilingi 10,000 siku hiyo, ajue ameanza kula mtaji, na kesho sufuria litakuwa dogo. Sadaka ni jambo tukufu, lakini itoke kwenye faida, ihesabiwe, iitwe sadaka.

Tatu, mafunzo na wenzi. Siti alifundishwa, akashirikiana. Mama anayekuja kwenye mafunzo ya kikundi hajionyeshi mjinga. Anafanya alichofanya yule aliyefika Bombay.

Nne, maneno. Mkopo wa biashara usijibu maneno ya watu. Ukiona unataka kukopa ili fulani akome, rudisha fomu. Siku hasira ikishapoa, fomu itakuwa ingalipo.

ALIPOFIKIA

Siti binti Saad alifariki Unguja tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini. Njia aliyoifungua haikufungwa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mzee sana na maarufu duniani, alijifunza kwa kumsikiliza Siti tangu utotoni. Hapa Tanga vikundi kama Black Star na Lucky Star viliipa taarabu ladha mpya, na kutoka Pangani alitokea Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, ambaye sauti yake iliingia kila nyumba yenye redio. Na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotafuta jina la gazeti lake kililiita Sauti ya Siti.

Kikundi chetu hakina mwimbaji wa kwenda Bombay, na si lazima. Kina wauza samaki wa Deep Sea, wakulima wa mwani, washonaji, wapika chapati, wenye magenge na wenye kuku. Miaka kumi iliyopita wengi walikuwa wakiweka hela kwenye pindo la khanga. Leo wanaweka kwenye sanduku, mbele ya mashahidi, na kila mmoja anajua ana hisa ngapi. Mzunguko mpya unaanza mara tu baada ya sherehe hii. Tunaomba kila mwanachama, kabla hajachukua fomu ya mkopo, ajiulize swali moja: katika biashara yangu, ni kipi ambacho ninakivunja mwenyewe? Akipata jibu aje nalo kikaoni, tulizungumze kama ndugu, bila kuchekana.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad na amlaze mahali pema, amrehemu na Shaaban Robert aliyetuhifadhia habari zake, na atujalie sisi tuliobaki kuona miaka kumi mingine. Amin.